Hii 2147483647 inayojaa kwenye databesi zetu ni namba tasa, na unaweza kuthibitisha kwa kalamu

Ukifanya kazi na databesi za watu hapa Dar, hasa zile za zamani zilizojengwa haraka haraka, ipo siku utafungua jedwali la wateja ukute safu nzima ya simu imejaa namba moja. Mteja wa Tandika 2147483647, wa Mbagala 2147483647, wa Kigamboni naye 2147483647. Mimi niliikuta kwenye mfumo wa saccos moja, mfumo walitengenezewa zamani na mtu mwingine kabisa, dada wa ofisini ananiambia "kaka, hawa wanachama tukiwapigia simu haziendi", na haziwezi kwenda kwa sababu hiyo sio namba ya mtu, ni dari. Namba zetu ukiziandika na 255 mbele zinakuwa tarakimu kumi na mbili, na aliyejenga ule mfumo aliipa safu ya simu aina ya namba nzima ya biti 32 (biti ni nafasi moja ya kuandika 0 au 1), ambayo mwisho wake ni 2,147,483,647, sasa MySQL za zamani (programu zinazotunza databesi) zikiletewa kitu kinachozidi hapo zilikuwa hazigomi, zinatoa onyo ambalo hakuna anayelisoma, zinaandika ile kubwa ya mwisho halafu zinaendelea na kazi. Namba halisi za wale watu zikapotea hivyo hivyo, ikabidi zitafutwe upya kwenye fomu za karatasi.

Dawa yake fupi: namba ya simu iweke kama maandishi, hakuna siku utajumlisha simu mbili. Basi.

Ninachotaka kuongea leo ni hiyo namba yenyewe, maana nimeona madevelopa wengi tunaijua kama ukuta tu, kitu cha kukwepa, mtu ana miaka kumi kazini anaiandika kwa kichwa bila kukosea tarakimu lakini hajui kwamba ni moja ya namba zenye historia nzuri kuliko zote kwenye hisabati. Na sababu zake zinaeleweka na mtu yeyote aliyemaliza hesabu za darasa la saba, akiwa na subira kidogo.

Tuanze na inatoka wapi. Biti 32, moja inachukuliwa na alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, na kubwa kuliko zote unayoweza kuiandika kwa biti 31 ni 1 + 2 + 4 + 8 na kuendelea mpaka ya thelathini na moja. Hilo ukilisoma kwenye kioo halikai kichwani. Mimi lilinikaa kijiweni Magomeni, kwa wazee wanaocheza bao jioni. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, nikasubiri mchezo uishe nikamsogelea mzee mmoja hodari sana wa pale.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Unataka kufungwa na wewe?"

"Hapana babu, nataka tujaribu kitu. Weka kete moja shimo la kwanza, la pili mbili, la tatu nne, nenda hivyo unazidisha mara mbili."

Akaweka. Nane, kumi na sita, shimo la sita akamimina thelathini na mbili, akafungua kiganja, kete imebaki moja. Akaangalia ubao kidogo tu, hakuhesabu kitu, akasema, "Hapa chini zipo sitini na tatu. Shimo la saba linataka sitini na nne. Popote utakaposimama, zote ulizoweka zinapungua moja kulifikia shimo linalofuata."

Ndo hiyo. Ukiwa na kete zisizoisha ukaenda mpaka shimo la thelathini na moja, lile shimo peke yake lina kete 1,073,741,824, na ubao mzima una 2,147,483,647, imepungua moja kuifikia shimo la thelathini na mbili. Kwa kuandika tunasema 2^31 − 1, yaani 2 kwa kipeo cha 31, toa moja.

Sasa angalia majirani zake. Wa juu, 2,147,483,648, ni mbili tupu zimezidishwa mara thelathini na moja, hakuna tasa nyingine ndani yake. Wa chini, 2,147,483,646, anavunjika vipande vipande: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331, zidisha uone. Na yeye aliyekaa katikati ya hawa wawili havunjiki kabisa. Hagawanyiki na kitu chochote isipokuwa 1 na yeye mwenyewe. Tasa ya tarakimu kumi.

Hapo ndo swali linakuja, na ni swali zuri: umejuaje? Maana shuleni tunafundishwa namba tasa mpaka 100, tunazikariri 2, 3, 5, 7, 11, tunafanya mtihani tunaziacha, hakuna anayekuambia kwamba kazi inaanzia baada ya hapo.

Njia ya kawaida ni kujaribu kugawa. Huhitaji kwenda mpaka mwisho, ukifika kwenye kipeuo cha pili cha namba yako unaweza kusimama, maana kama ingekuwa na kigawo kikubwa kuliko hapo basi mwenzake angekuwa mdogo na ungeshamkuta. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na kidogo. Kwa hiyo unatakiwa ujaribu tasa zote za chini ya 46,340, na hizo zinakaribia 4,800. Simu yako inamaliza hiyo kazi kabla hujainua kidole. Lakini turudi mwaka 1772, hakuna kompyuta, hakuna kikokotoo, kuna kalamu ya unyoya na mshumaa, na kila mgawanyo ni namba ya tarakimu kumi kwa namba ya tarakimu tatu, nne au tano. 4,800 za hivyo.

Leonhard Euler, Mswisi aliyezaliwa Basel mwaka 1707, wakati huo alikuwa St Petersburg kule Urusi, ana miaka kama 65 na haoni karibu kabisa, anafikiri kichwani na wanawe na wasaidizi wake wanaandika. Mwaka huo ilichapishwa barua yake kwa mwanahisabati mwenzake Bernoulli inayosema kwamba 2^31 − 1 ni tasa, ameikagua. Na hakuhitaji migawanyo 4,800 wala nusu yake. Jinsi alivyoipunguza ile kazi ndo kitu nilichokaa nacho usiku mpaka nikaona kwa macho yangu, nitakielezea taratibu kwa sababu kinastahili.

Chukua ndugu mdogo wa namba yetu, 2^11 − 1, ambayo ni 2047. Hii sio tasa, ni 23 × 89. Shika hiyo 23 sasa, uanze kuzidisha kwa mbili huku kila ukizidi 23 unatoa 23 unabaki na baki. Inakwenda hivi: 2, 4, 8, 16, halafu 32 toa 23 ni 9, 18, 36 toa 23 ni 13, 26 toa 23 ni 3, 6, 12, na 24 toa 23 ni 1. Umerudi kwenye 1. Hesabu hatua, ni kumi na moja kamili. Na ilikuwa lazima ziwe kumi na moja, kwa sababu 23 inaigawa 2^11 − 1, maana yake 2^11 ukiigawa kwa 23 inabaki 1, kwa hiyo mzunguko unafunga kwenye hatua ya 11. Usingeweza kufunga mapema zaidi, maana mzunguko mfupi ungetakiwa uigawe 11 bila kubakiza na 11 ni tasa, haigawanyiki.

Upande wa pili, Pierre de Fermat wa Ufaransa alishagundua mwaka 1640 kwamba kwa tasa yoyote, iite q, ukizidisha mbili mara q − 1 lazima utakuwa umerudi kwenye 1 (isipokuwa q ikiwa ni 2 yenyewe). Kwa 23 ni hatua 22. Sasa kama hatua 22 zinakurudisha kwenye 1 na mzunguko una hatua 11, basi 11 lazima iigawe 22 bila baki. Na kweli, 22 ni 11 mara mbili. Mwenzake 89 hivyo hivyo, 88 ni 11 mara nane. Hakuna bahati hapo, haiwezekani kuwa vingine.

Peleka hiyo kwenye namba yetu. Kama ipo tasa q inayoigawa 2^31 − 1, mzunguko wake una hatua 31 (31 ni tasa, kwa hiyo hauwezi kufupika), basi 31 lazima iigawe q − 1. Na q ni witiri, q − 1 ni shufwa, kwa hiyo 62 inaigawa q − 1. Yaani kigawo chochote cha namba yetu lazima kiwe kwenye foleni ya 63, 125, 187, 249, 311, kila mmoja anamzidi mwenzake 62. Nje ya foleni hiyo hakuna mtu. Umeshafuta 3, umefuta 5, 7, 11, 13, karibu tasa zote ulizozikariri shuleni, bila kugawa hata mara moja.

Kisha kuna mkato wa pili. Ukichukua 65,536 ukaizidisha kwa yenyewe unapata 4,294,967,296, na hiyo ni namba yetu mara mbili, halafu jumlisha 2. Kwa hiyo mbele ya kigawo chochote cha namba yetu, 65,536 × 65,536 inabakiza 2, na inajulikana kwamba tasa witiri ambayo namba fulani ikizidishwa kwa yenyewe inabakiza 2, hiyo tasa ukiigawa kwa 8 lazima ibakize 1 au 7, haiwezi 3 wala 5. Sababu ya hili ni ndefu kidogo kwa leo, ila matokeo yake ni kwamba nusu ya foleni inaondoka tena. Ukiunganisha mikato yote miwili, kigawo kikigawanywa kwa 248 lazima kibakize 1 au 63. Mpaka kufika 46,340 namba za namna hiyo ni kama 370 tu, na nyingi sio tasa kwa hiyo nazo unaziruka (63 yenyewe, 249, 497, 559, zote zinavunjika). Zinabaki themanini na kidogo.

Kutoka 4,800 mpaka themanini na kitu, kwa kufikiri tu.

Ya kwanza kwenye orodha ni 311. Mimi nilikaa nikaifanya kwa kalamu, na nakusihi ufanye na wewe: 311 mara 6,905,092 ni 2,147,483,612, inabaki 35. Imeshindwa. Inayofuata ni 1,303, inabaki 226. Halafu 1,489, inabaki 199. Halafu 2,543, inabaki 1,523. Kuna kitu kinatokea ukizifanya mwenyewe hizi, unaanza kuiona namba inavyokataa, kila mlango unaogonga haufunguki, na unajua milango imebaki mingapi. Mtu mmoja ambaye macho yameshakufa aliipita yote, mlango kwa mlango, na jibu lake halijabadilika mpaka leo.

Kabla yake watu walishakisia. Pietro Cataldi wa Bologna mwaka 1588 alikuwa amethibitisha 2^17 − 1 (131,071) na 2^19 − 1 (524,287), kwa kugawa tu bila mkato, kazi ya kuheshimiwa sana, halafu akasema na vipeo 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa tasa. Fermat akaja kuonyesha 23 hapana, inagawanyika kwa 47, na 37 hapana, inagawanyika kwa 223. Euler mwenyewe akaiondoa 29, inagawanyika kwa 233. Angalia utamu wake: 46 ni 23 mara mbili, 222 ni 37 mara sita, 232 ni 29 mara nane. Foleni ile ile. Kwa hiyo kati ya nne za Cataldi ikasimama 31 peke yake. Padri Marin Mersenne wa Paris, ambaye namba hizi zinaitwa kwa jina lake, mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo mpaka 257, akapatia 31, akapatia 127, lakini akaweka 67 na 257 ambazo sio, akaacha 61, 89 na 107 ambazo ndizo. Ile ya 67 ilikuja kuvunjwa hadharani mwaka 1903 na Frank Nelson Cole, Mmarekani, inasimuliwa kwamba alisimama mbele ya wenzake bila kusema neno akaandika ubaoni 193,707,721 × 761,838,257,287, akazidisha, ikatoka 147,573,952,589,676,412,927, akarudi kukaa, watu wakapiga makofi. Na mimi ningepiga.

Namba yetu ilikaa kama tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana duniani kwa zaidi ya miaka 70. Kabla yake rekodi ilikuwa 6,700,417, na hiyo pia ni ya Euler.

Tena inazaa namba timilifu. Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3, au 28 ambayo ni 1 + 2 + 4 + 7 + 14. Ukizidisha tasa yetu kwa 2^30, lile shimo la thelathini na moja, unapata 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni timilifu. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba hiyo ndo itakuwa kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizi ni za kushangaza tu, hazina matumizi, nani atahangaika kwenda mbele. Nampinga kwa moyo wangu wote. Watu walihangaika. Mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa akaipata 2^127 − 1, tarakimu 39, na mwaka 1883 padri mmoja wa vijijini Urusi, Ivan Pervushin, akathibitisha 2^61 − 1. Oktoba 2024 ilitangazwa 2^136,279,841 − 1, tarakimu zaidi ya milioni 41, imepatikana kwenye mradi wa intaneti ambao watu wa kujitolea wanachangia nguvu za kompyuta. Na kuhusu matumizi, hiyo hiyo ya Euler imekaa ndani ya programu zinazotoa namba nasibu, yaani zinazoonekana hazina mpangilio: ipo kanuni ya zamani, unachukua namba, unazidisha kwa 16,807 (ambayo ni 7 kwa kipeo cha 5), unagawa kwa 2,147,483,647, baki ndo namba yako inayofuata. Kwa kuwa ile ya kugawia ni tasa na 16,807 imechaguliwa vizuri, mnyororo unapita namba zote kuanzia 1 mpaka 2,147,483,646, kila moja mara moja, ndo unajirudia. Ukiweka namba ya kugawia inayovunjika huipati hiyo kirahisi hivyo.

Sasa turudi kwa madevelopa wenzangu. Hiki kitu nikikisema kwenye kundi letu watu wanashangaa: dari la biti 32 ni tasa, je madari mengine? Biti 8, dari ni 127, tasa. Biti 16, dari ni 32,767, hapana, ni 7 × 31 × 151. Biti 32, tasa. Biti 64, dari ni 9,223,372,036,854,775,807, hapana, inagawanyika kwa 7 mara mbili, na kwa 73, na kwa 127, na nyingine. (Hiyo ndo YouTube walihamia mwaka 2014 video ya Gangnam Style ilipokaribia kupita dari la biti 32.) Biti 128, dari ni ile ile 2^127 − 1 ya Lucas, tasa! Ndiyo, hapana, ndiyo, hapana, ndiyo. Na sababu ni rahisi: biti moja ni ya alama, kwa hiyo vipeo ni 7, 15, 31, 63, 127, na kama kipeo kinavunjika namba nayo inavunjika. Kipeo 15 ni 3 × 5, ndo maana 32,767 ina 2^3 − 1 ndani yake, ambayo ni 7, na 2^5 − 1, ambayo ni 31. Kipeo 63 kinagawanyika kwa 3, ndo hiyo 7 tena.

Dari la biti 32 limebaki na siku moja kubwa. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, na zile zinazotunza hesabu hiyo kwa biti 32 zitafika 2,147,483,647 tarehe 19 Januari 2038, Jumanne, kwa saa za hapa kwetu ni saa kumi na mbili na dakika kumi na nne na sekunde saba asubuhi, watu wako kwenye foleni ya mwendokasi Kimara. Sekunde inayofuata zinageuka hasi, zinasoma tarehe 13 Desemba 1901, Dar ya Wajerumani. Kama una mfumo wa mikopo unaokokotoa marejesho ya miaka kumi na tano, hiyo tarehe umeshaivuka leo, sio 2038. Kagua safu zako za tarehe.

Nirudi kwenye hesabu, maana hapo katikati nimeruka kitu kikubwa kuliko vyote. Angalia vipeo vyenyewe: 3, 7, 31, 127. Hizo nazo ni tasa za namna ile ile, kila moja ni 2 kwa kipeo fulani toa moja. 31 ni 2^5 − 1, kisha 2^31 − 1 ni tasa tena, tasa juu ya tasa. 2^3 − 1 ni 7, 2^7 − 1 ni 127, 2^127 − 1 ni ya Lucas. Za namna hii zinajulikana nne tu duniani: 7, 127, ya Euler na ya Lucas. Mtu yeyote akiziona anajiuliza, hii inaendelea milele? Tasa inayofuata kwenye mpango huo ni 8,191, ambayo ni 2^13 − 1, kwa hiyo unaangalia 2^8191 − 1, namba ya tarakimu 2,466. Mwaka 1953 David Wheeler aliijaribu kwa kompyuta ya ILLIAC I kule Marekani, jibu likatoka: sio tasa. Mashine ilisema inavunjika bila kusema inavunjwa na nani. Baadaye kigawo kimoja kikapatikana, 338,193,759,479. Toa moja, gawa kwa 8,191 mara mbili, yaani 16,382, inatoka 20,644,229 kamili, haibaki kitu. Ipo kwenye foleni ya Euler.